Sungura Aliyepita Chini ya Rido

Yule mama wa Kamukuzi ninayemfulia nguo amemnunulia binti yake sungura. Wamemwekea kibanda cha waya kwenye baraza ya nyuma, na ndani ya kibanda wametandika taulo. Taulo! Juzi nilikuwa naanika mashuka akaja kusimama karibu yangu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha hapa Mbarara: "Wewe mtu ya Kongo, kwenu sungura inakaa ndani ya nyumba? Huyu mtoto anasumbua, anataka tuachilie itembee tu." Nikamwambia aachilie, lakini afiche waya zote za umeme, na kila siku ainue makochi aangalie chini. "Chini kuna nini?" akauliza. Nikasema sungura akikaa kimya sana, ujue kuna kitu anachimba. Akacheka, akaingia ndani. Mimi nikabaki na mashuka yangu, na hasira ikanipanda bila mtu kunikosea. Ndivyo nilivyo, jambo likinigusa roho, kabla ya kulia nakasirika.

Miaka ile tulikuwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, upande wa Juru, mimi na mume wangu. Majina sitayataja. Mama yangu, muda wote aliokaa kwetu, hakuwahi kulitamka jina la mume wangu, wala mume wangu hakulitamka la mama, na mimi sitakuwa wa kwanza kuwavunjia heshima.

Kwetu Kivu ya Kusini, kwa watu wa upande wa mama, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka inakuwa kazi. Hawapeani mkono. Hawali mmoja akimwona mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mwenzake apite. Hawatazamani uso, na hawasemeshani ila kwa kupitia mtu wa katikati. Si uadui, hapana. Ni heshima, na mwenye kuivunja anakuwa kama amemvua mwenzake nguo sokoni. Heshima hiyo inalegea siku mtoto anapozaliwa. Bibi anampakata mjukuu, baba anakuja kumchukua mtoto wake, na hapo midomo inaanza kufunguka yenyewe. Sisi hatukuwa na mtoto. Ulikuwa mwaka wa saba wa ndoa na hatukuwa na mtoto.

Mama alitufuata mwaka wa elfu mbili na tisa, na mfuko mmoja na kikohozi. Nyumba yake kule ilichomwa yeye akiwa ndani peke yake, akatokea dirishani. Toka hapo hakuweza kulala kwenye nyumba ambayo hasikii pumzi ya mtu mwingine. Na kulala chini ya paa la mkwe pia hakuweza. Wiki ya kwanza alilala kwa jirani yetu, mama mmoja mjane tuliyekuwa tunasali naye, huku sisi tukikuna vichwa.

"Mu nyumba peke yangu siwezi," aliniambia. "Fasi ya mukwe siwezi. Sasa nilale wapi, mu hewa?"

Mzee wa kanisa alikuja kumtuliza. Akamweleza kwamba hayo ni mambo ya zamani, akamkumbusha yule mama mkwe wa kwenye Maandiko aliyekuwa anakaa nyumbani kwa mkwewe, akaponywa hapo hapo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Yule alikuwa na homa," akasema. "Mimi niko na homa?" Mzee akaaga.

Mwishowe mume wangu akaongeza chumba ubavuni mwa nyumba yetu, cha miti na udongo, akakifunika shitingi, yale maturubai tuliyogawiwa tulipofika. Chumba kikawa na mlango wake wa nje. Ukuta wa katikati aliujenga mfupi, haufiki juu, ili mama asikie watu wanapumua, na kwenye uwazi wa kupitia mimi tukatundika rido, pazia la kitenge. Mama akahamia. Lakini kila mwezi lilikuwa lazima litokee jambo la kumwaibisha, mkwe amekohoa akiwa karibu mno, au upepo umeinua rido, na akaanza kufunga mfuko wake. "Narudia kwetu," anasema. Kwetu kupi? Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mtu. Nilijua siku akipanda gari la kurudi Kongo sitamwona tena, na kila asubuhi niliposikia mlango wake unafunguliwa nilitoka kuangalia kama ameshika mfuko.

Mtu wa katikati nilikuwa mimi, na mimi kwa kazi hiyo sifai. "Mwambie bwana yako shitingi inavuja huku." Mume wangu amekaa hatua tatu kutoka pale, amesikia kila neno, lakini ananitazama mimi, anasubiri. Ninamwambia shitingi inavuja. "Mwambie mama nitapanda juu niizibe kesho." Mama naye amesikia, anasubiri. Siku moja nilikuwa nachambua maharagwe, nikarusha ungo chini. "Mimi si redio!" nikapiga kelele. "Semeni wenyewe au mkae kimya!" Walikaa kimya siku nne, wote wawili, kwa heshima kubwa.

Sungura alikuja baada ya hapo. Mume wangu alikuwa amekwenda Mbarara kutafuta kibarua cha ujenzi, akakaa wiki mbili, akarudi na misumari, sabuni, na boksi lililokuwa linakwaruza. Ndani mlikuwa na sungura jike, mweupe, masikio ya kijivu. Mpango ulikuwa wa maana kabisa, atatafutiwa dume, watazaa, tutapata mboga. Siku hiyo hiyo akamtengenezea kibanda cha fito, akakiweka pembeni ndani ya nyumba, maana nje mbwa wangemmaliza. Asubuhi yake sauti ya mama ikapita juu ya ukuta, ikinisemesha mimi na kumlenga yeye.

"Mutoto wangu, huyu mnyama anafungwa juu ya kosa gani?"

Lazima nieleze simbiliki. Ni wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao kwetu kila mama anawafuga jikoni. Wanakaa ndani, wanakimbia kati ya mafiga na kuni, wanapiga miluzi wakisikia unamenya viazi, na mgeni akija unamkamata mmoja unapika. Hakuna anayewafunga. Mama alikulia nao, mimi nilikulia nao, mume wangu vilevile. "Simbiliki zetu nani alizifunga?" mama akaendelea. "Zilikuwa zinatembea tu mu nyumba, na hakuna yenye ilipotea."

Mkwe abishane na mama mkwe? Thubutu! Kabla ya saa sita kibanda kilikuwa kimevunjwa, na fito zake nikapikia maharagwe. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, kosa la watu wa Kivu. Tulimchukua sungura tukamwachia ndani kama simbiliki. Simbiliki hana habari na udongo. Anakula majani yake, analala nyuma ya kuni, basi. Sungura ana makucha, na ana mawazo.

Mwezi wa kwanza nilimchukia kwa moyo wangu wote. Alitafuna kandambili zangu nzuri. Alikata waya wa redio. Alitoboa mfuko wa unga wa mgao, unga ukamwagika hadi mlangoni, na alikojoa kwenye kitanda chetu, katikati kabisa, akiwa ananitazama. Nilimfukuza na ufagio mpaka nikachoka mimi. Baadaye akajichagulia pembe moja karibu na kuni iwe choo chake, nikawa namwagia majivu hapo, na kinyesi chake nikakipeleka kwenye nyanya zangu, zikazaa ajabu. Jioni alishikwa na wazimu wake. Alizunguka nyumba mbio, akaruka juu, akajipinda hewani, halafu akajitupa ubavu chini akapumzika na miguu ameinyoosha. Mtu akikaribia uani, alipiga mguu wa nyuma chini, pu! Mgeni hajabisha hodi mimi nimeshafunika sufuria.

Na alipita chini ya rido. Yeye hakujua nani mkwe wa nani. Alikula majani ya viazi mikononi mwa mama, akatoka hapo na kuja kulala juu ya miguu ya mume wangu, akarudi tena. Mara ya kwanza mama alishtuka, akaniita kwa sauti ya chini: "Ametoka kwa bwana yako, sasa hivi, iko na joto yake." Alikuwa na aibu kumshika. Siku ya pili alimshika.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho, nilikuwa kwenye foleni ya maji. Maharagwe yalikuwa jikoni, mume wangu amepitiwa na usingizi upande wetu, mama yuko upande wake. Harufu ya kuungua ikaanza. Mama hawezi kumwita. Hawezi kupita rido. Sungura amekaa pale katikati, anajisafisha masikio. Basi mama akasema kwa sauti:

"Ee sungura, maharagwe iko inaungua, na mwenye nyumba amelala."

Mume wangu akaruka, akaipua chungu kwa mikono mitupu. Akasimama pale anapuliza vidole, akafikiri, halafu akajibu: "Sungura, aksanti. Mwambie mwenye kukutuma nimesikia."

Niliporudi na madumu yangu nilimkuta anacheka peke yake. Na ng'ambo ya ukuta, mama yangu, ambaye tangu aje sikuwahi kumsikia akicheka, alikuwa anacheka ndani ya kitenge chake.

Basi, wakapata njia. "Sungura, uulize mwenye nyumba kama mvua itanyesha kesho." "Sungura, mwambie mama mahindi ya Isingiro yamekauka, ya kwetu bado." Mwanzoni walisemesha sungura akiwapo. Baadaye hata akiwa amelala chini ya kitanda wao wanaendelea tu. Walizungumza habari za kwaya, habari za Kongo zilizosikika redioni baada ya waya kuungwa, namna ya kukausha samaki, kama ng'ombe wa huku Masha wana maziwa mengi kuliko wa kwetu milimani. Mama alijua kusimulia, jamani! Mume wangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Na mimi? Mimi nilikuwa nakoroga bugali. Siku moja nikasikia mama anasema, "Sungura, bibi ya huyu bwana leo ameamuka na hasira," na mume wangu anajibu, "Sungura, mwambie mama hiyo si ya leo." Wakacheka wote. Nilitoka nje nikapiga teke dumu tupu.

Niliwaonea wivu, nakiri. Na kulikuwa na kitu kingine zaidi ya wivu. Kazi ile ilikuwa ya mtoto wangu. Mtoto wangu ndiye alipaswa kutambaa chini ya rido ile, kutoka kwa bibi kwenda kwa baba. Nilimtazama yule sungura akipita na masikio yake, na nilitamani kumpenda nikashindwa, halafu siku nyingine nilimkuta amelala juu ya kanga yangu nikashindwa kumwondoa, nikakaa chini karibu naye mpaka miguu ikafa ganzi. Lakini mfuko wa mama ulikuwa umening'inia kwenye msumari miezi na miezi bila kufungwa, na neno la kurudi Kongo likawa limepotea. Kwa hilo tu ningemvumilia hata angekojoa juu ya kichwa changu.

Dume hakupatikana. Msimu wa mvua ulipokaribia sungura akabadilika. Alianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, akabaki na mabaka, na manyoya hayo akayabeba mdomoni. Nilidhani ni ugonjwa wa ngozi, nikampaka mafuta ya mawese. Alikuwa anapotea muda mrefu, kisha anatokea na udongo puani. Mama alisema, "Muache, anapumzika." Hakuna aliyevuta mkeka wa mama kuangalia nyuma ya mkeka, kwenye mguu wa ule ukuta wa katikati. Simbiliki hawachimbi. Ya nini kuangalia?

Mvua kubwa ilitukuta mchana, baada ya kula. Mama alikuwa amejilaza upande wake. Mume wangu hakwenda shamba kwa sababu ya mvua. Maji yalipita chini ya mlango wa mama, yakaingia ndani ya shimo ambalo hatukulijua, na ukuta ukaanza kuinama taratibu kabisa, bila sauti. Mume wangu aliuona kabla yangu.

"Mama!" akalia. "Mama, toka!"

Lile lilikuwa neno lake la kwanza kwake, bila mtu wala sungura katikati. Mama alikuwa amekaa, ameshainuka nusu, na badala ya kukimbia alifunika uso. Ukuta ukamwangukia miguuni.

Sikumbuki nilifanya nini. Nadhani nilipiga kelele tu. Mume wangu alifukua ule udongo kwa mikono, akavuta miti, akamshika mama yangu kiunoni na mapajani, kitenge cha kichwani kimedondoka, nguo imepanda, akamtoa. Mguu wa kulia ulikuwa umegeuka upande usio wake. Akachuchumaa, akamweka mgongoni, akatoka naye kwenye mvua kwenda kituo cha afya, mimi nikikimbia nyuma nikijaribu kumfunika mama kwa rido ambayo hata sijui niliichomoa saa ngapi. Njia nzima mama hakulilia mguu. Alikuwa anasema, "Uniweke chini, uniweke chini," na haikuwa kwa sababu ya maumivu.

Kutoka pale gari la wagonjwa lilitupeleka Mbarara. Hospitalini walimnyoosha mfupa, wakamfunga plasta toka kwenye paja hadi vidoleni, nasi tukakaa wodini wiki baada ya wiki, yeye kitandani na mimi kwenye mkeka chini yake. Alikuwa anakula vizuri. Alikuwa anawasalimia wagonjwa wote. Siku ya tatu akaniambia, kwa utulivu, "Nikitoka hapa sirudi kwenu. Utanitafutia gari ya Kongo."

"Na mguu huo?"

"Hata na huo."

"Mama, amekuokoa!"

"Ndiyo. Na amenishika mwili, na ameniona kichwa wazi. Nitakaa mu nyumba yake namna gani? Nitapita wapi?"

Nilimfokea. Mbele ya wodi nzima nilimfokea mama yangu mzazi, kwamba ni mkaidi, kwamba anataka kwenda kufa ili anikomoe, kwamba mimi sina mtoto na sasa nitakosa na mama. Yeye akageukia ukutani. Nesi mmoja wa hapa alikuja mbio. "Nyinyi watu ya Kongo, kelele ya nini? Mukaikuru anaumwa," akasema, maana kwao bibi kizee anaitwa hivyo. Baadaye aliniuliza pembeni: "Na kijana yake, ile inakuja kila Jumapili, mbona inasimama nje kwa dirisha kama polisi? Haipendi mama?" Nikachukua bakuli la mama nikaenda kuliosha.

Mume wangu alikuja kila Jumapili kweli, toka Nakivale, na chakula. Jumapili moja alipita kwanza kwa yule mtu aliyemuuzia sungura, kumuuliza ni mnyama gani huyo anayebomoa nyumba. Tukakaa kwenye nyasi, chini ya kamba za kuanikia, akanieleza akitazama viatu vyake. Jike akikaa sana bila dume, yule mtu alisema, kuna wakati anajidanganya kwamba ana mimba. Ananyonyoa manyoya yake, anachimba shimo, anawatandikia watoto kitanda. Watoto hawapo, lakini yeye anatandika tu.

Nililala kifudifudi pale kwenye nyasi za hospitali nikalia hadi nikatapika, na yeye akaniwekea mkono mgongoni hakuuondoa.

Nilipoingia tena wodini nilikuwa sina hasira yoyote iliyobaki. Nikapiga magoti karibu na kitanda, nikamwuliza mama kama kwao, kwa watu wa zamani, jambo kama hili lilikuwa halina dawa kabisa.

"Iko," akasema. "Mukwe anatoa mnyama. Anamuchinja yeye mwenyewe, wanakula na mama mukwe sahani moja, mbele ya watu wawili. Kutoka siku hiyo si mukwe tena. Ni mutoto."

Nikasimama. Mbuzi! Nikasema mume wangu ataingia hata kwenye mashamba ya ndizi ya watu alime mpaka apate mbuzi. Mama akatikisa kichwa. Mnyama wa kununua ni wa soko, akasema; lazima awe mnyama aliyelala ndani ya nyumba ya mkwe, akala humo. Nikakimbia nje kumwambia mume wangu. Akasema tununue kuku, tumlaze ndani wiki mbili. Nikarudi na hilo la kuku. "Kuku wa wiki mbili ni mugeni," mama akajibu. Halafu akafunika uso kwa shuka, na nikaona shuka linatikisika. Wote watatu tulijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Nikalisema mimi: sungura.

"Wewe ndiye uliyesema afunguliwe," nikamwambia.

"Najua," akasema ndani ya shuka.

Tulimrudisha mama Juru siku ya Jumapili, plasta imetolewa, anatembelea fimbo. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye mkeka uani, kitenge kimefunika uso. Mzee wa kanisa alikuja kuwa shahidi, hakutoa mfano wowote safari hii, pamoja na yule jirani yetu mjane. Mume wangu aliingia ndani kumchukua sungura. Nilikuwa nimejiandaa kwamba atakimbia, atajificha chini ya kitanda, na pengine tutashindwa kumkamata na itakuwa ndiyo mapenzi ya Mungu. Hakukimbia. Alikuwa hajaogopa mkono wa mtu toka alipoletwa, akaja mwenyewe mpaka miguuni. Mume wangu akampeleka nyuma ya nyumba. Alikaa huko kuliko ilivyohitajika, akarudi macho mekundu.

Nikapika. Nyanya zilikuwa zile zangu, na kitunguu, na bugali ya muhogo. Nikaweka sahani moja kati yao, wakanawa maji yale yale. Mama akafunua mkono tu kutoka kwenye kitenge, akachukua kipande cha kwanza, akatafuna polepole sana, machozi yakimdondokea kidevuni. Mume wangu akachukua cha pili. Kilimkaa mdomoni. Mimi sikuweza kula, nikakaa mlangoni na mwiko mkononi.

Mama akameza. Akafungua mdomo, na kichwa kikamgeukia pembeni, chini, mahali alipozoea kutazama akitaka kusema na mume wangu. "Ee su..." akaanza. Akaishia hapo. Palikuwa na udongo mtupu.

Ndipo akavua kitenge kichwani, akaweka mapajani, akainua uso akamtazama. Alikuwa amekaa na mtu huyu miaka miwili. Akamtazama paji, akamtazama mdomo, kama anasoma.

"Kumbe uko kijana hivi," akasema.

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akanyoosha mkono wenye mchuzi, akamgusa chini ya sikio, penye kovu refu linaloshuka shingoni. Mimi niliwahi kuliulizia lile kovu mara nyingi, akanijibu kwamba ni baiskeli. "Na hapa," mama akasema, "nani alikufanya hivi, mwanangu?"

Hakusema baiskeli. Alimweleza mbele yetu wote kwamba alikuwa na mama. Kwamba mama yake alikuwa na miguu mibovu, na siku ya kukimbia alimweka mgongoni, wakafika kwenye mto, na alipopigwa panga pale shingoni mikono yake ilimfungukia, mama akaanguka. Alisema hakuweza kurudi kumwokota.

Mama yangu akamsogezea sahani. "Kula," akamwambia. "Mimi umenifikisha."